Mashine ya Kuongelea ya Bwana Abbas

Siku mliyoniaga pale chuoni Mabibo, Happy alinishika mkono mlangoni, keki bado iko mezani, akaniuliza kwa nini kila aliyeleta kompyuta ya zamani nilikuwa namkalisha na kumhoji kama polisi wa upelelezi kabla sijagusa hata waya. Nilimjibu kwa mkato kwamba ndivyo nilivyofundishwa. Ni kweli, lakini ni jibu fupi mno. Sasa niko nyumbani Kiwalani, nina nafasi, na magoti yangu hayadaiwi tena ngazi za mtu. Nawaandikia nyie wa kitengo cha kompyuta jibu refu. Vyeo na mishahara nimeviacha. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua.

Nilikuja Dar kutoka Upareni nikiwa na cheti cha ufundi wa redio, wakati ambao redio ikiharibika watu walishaanza kununua nyingine. Shangazi yangu, niliyekuwa nakaa kwake, akasikia kuna Mhindi mwenye karakana huku huku Kiwalani, mtu wa mashine za kuchapa na za kuhesabia, ambaye sasa ameanza na kompyuta. Nikaenda nimevaa gauni la kanisani. Nikamkuta mtu mwembamba mwenye kandambili, ameinama juu ya sanduku la bati lililofunguliwa, anapuliza vumbi kwa mdomo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Nimejileta mwenyewe. Natafuta kazi."

Hakukiangalia cheti. Aliniangalia mikono. "Unaweza kumsikiliza mteja mpaka amalize, bila kumkatiza?"

Nikasema naweza.

"Haya, tutaona. Kushika solda nitakufundisha. Hilo la kusikiliza sijawahi kufaulu kumfundisha mtu."

Huyo ndiye Bwana Abbas. Nilikaa naye mpaka mwisho wake, na habari ninayotaka kuwapa ni ya mwisho huo. Lakini siwezi kufika huko bila kuwaeleza alichonifundisha asubuhi ile ile ya kwanza.

Aliingia karani wa shule moja ya sekondari amekumbatia kompyuta kama mtoto mwenye homa. Ilikuwa inawaka, inaonyesha maandishi kwamba faili fulani la mfumo halionekani, kisha inaganda. Mie nikanyoosha mkono kuchukua bisibisi. Bwana Abbas akaniangalia mpaka nikairudisha. Akamwita karani kwenye kiti.

"Umeweka nini kipya?"

"Sijaweka kitu, mzee."

"Nani mwingine anaitumia?"

"Hakuna."

"Mkuu wa shule?"

"Mkuu hawezi kuiwasha."

"Ndugu zako?"

Karani akajikuna kisogo. Kulikuwa na shemeji yake. Alikuja na CD ya kutengenezea kadi za harusi. Ilikuwa usiku mmoja tu, na hata kadi zenyewe hazikutoka vizuri.

Alipoondoka, Bwana Abbas aliniambia maneno ambayo nimewarudia nyie mpaka mmechoka. Kompyuta ya zamani ni nyumba ya kupanga ya uswahilini: vyumba vingi, bomba moja uani. Programu zote zinateka hapo. Akija mpangaji mpya, anang'oa bomba anaweka analolipenda yeye. Yeye anaoga, wa zamani wanakosa maji. Na ukimfukuza kwa hasira, anaondoka na bomba. Kwa hiyo usimfukuze haraka. Kwanza nakili diski yote mahali pengine. Pili soma ujumbe wa kosa mpaka nukta ya mwisho, uandike jina la faili. Tatu linganisha mafaili ya mfumo na yale ya asili, urudishe lililobadilishwa, hilo tu, lisilobadilishwa uliache.

"Na kufomati?" niliuliza, maana neno hilo nilishalisikia mtaani.

"Kufomati ni kubomoa nyumba kwa sababu bomba halitoi maji," akasema. "Wapo wengi wanaoishi kwa kazi hiyo."

Vifaa vyetu vilikuwa brashi ya rangi, kifutio cha penseli cha kusafishia meno ya kadi za kumbukumbu, solda, bisibisi za kila namna, na kopo la biskuti lililojaa CD za mifumo ya zamani. Vumbi la Kiwalani tulilijua kwa rangi. Kompyuta za Vingunguti tulizijua kwa harufu kabla mteja hajashuka, maana hewa ya machinjio inaingia na kukaa kwenye feni. Niliwahi kukuta mjusi ameiva juu ya pawa saplai. Bwana Abbas alimtoa kwa koleo, akamweka kwenye karatasi, akamwambia mteja, "Huyu hatumtozi."

Miaka ilikwenda. Simu zikaja zikala kazi yetu, karakana ikabaki na wale wenye mashine za zamani wasioweza kuziacha. Mie nikaolewa, nikazaa, nikafiwa na mume, na asubuhi nikaendelea kufungua mlango ule ule. Mke wake, Bi Sakina, aliishi naye kwenye nyumba iliyoshikana na karakana kwa nyuma. Saa nne alituletea chai kwenye sinia. Kijana wao mmoja, Mohsin, alikwenda ng'ambo kusoma, akaoa huko, akabaki huko.

Kisha siku moja bisibisi ikamwanguka Bwana Abbas.

Kwa mtu mwingine si habari. Nilikuwa sijawahi kumwona akiangusha kitu. Aliiokota, ikamwanguka tena, akacheka, akaitazama mikono yake kama mashine aliyoletewa na mteja muongo. Hospitali walichukua muda mrefu kuujua ugonjwa. Ni ule unaoua mishipa ya fahamu inayoamrisha misuli. Mikono ikaenda, ikafuata miguu, na mwishowe ulimi. Akili haikuguswa. Daktari wake, mama mmoja anaitwa Lyimo, alilisema hilo kama jambo jema, kisha akanyamaza, nadhani kwa sababu aliyasikia maneno yake mwenyewe.

Ulimi ulipoanza kuwa mzito, Bwana Abbas alijitafutia tiba yake. Alikuwa na programu ya zamani ya watu wasioweza kusema, ambayo walioitengeneza walishaiacha kitambo. Herufi zinapita kwenye skrini mstari kwa mstari. Ikifika unayoitaka, unabonyeza. Ukimaliza sentensi, kompyuta inaisoma kwa sauti. Ilikubali kukaa kwenye mfumo wa zamani tu. Na kitufe tulichokitengeneza wawili, mie nikishika solda na yeye akielekeza kwa maneno yaliyokuwa tayari yanakokotwa, kilikuwa swichi ya kengele ya mlango iliyochomekwa kwenye tundu la nyuma ambalo kompyuta za siku hizi hazina. Tulikifunga chini ya kidole gumba cha kulia. Kidole hicho kilikuwa kiungo cha mwisho kumtii.

Sauti yenyewe ilikuwa ya mzungu mwenye mafua. Ilisoma Kiswahili kama mtu anayetembea peku kwenye kokoto. Tulizoea. Kwa sauti hiyo aliomba maji, aliagiza asogezewe mto, aliuliza matokeo ya mpira, na mara moja alinikosoa nilivyofunga waya nikiwa nimempa mgongo. Alikuwa ameniona kwenye kioo cha kabati.

Mohsin alikuja kifua cha baba yake kilipoanza kuchoka. Alifika na mabegi mawili na uso wa mtu aliyelia kwenye ndege. Siku chache baadaye, asubuhi, akaja mbio karakanani.

"Anti Naki, njoo. Mashine ya baba imekufa."

Nikamkalisha kwenye kiti cha wateja. Najua ilionekana ukatili, lakini sikuwa na njia nyingine.

"Umeweka nini?"

"Programu ya kupigiana simu za video. Wanangu hawajamwona babu yao tangu augue. Nilitaka wamwone kwenye skrini kubwa, na yeye awaone bila kugeuza shingo."

"Ikakubali?"

"Ilisema inahitaji vitu fulani vipya, nikabonyeza ndiyo. Ikawaka upya. Baada ya hapo programu ya baba ikakataa kufunguka."

"Ukafanyaje?"

"Nikaiondoa ile mpya."

"Kisha?"

"Nikapakua nyingine, ya kusafisha makosa. Sasa inaonyesha bluu tu." Alijifunika uso kwa mikono. "Yuko pale ananiangalia, Anti. Hawezi hata kunitukana."

Mpangaji aliingia, akang'oa bomba, akafukuzwa akaondoka nalo. Juu ya hapo alikuwa ameitwa mtu wa kufagia uwanja akafukia na kisima. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia asiiwashe tena, nikachukua kopo la biskuti na diski tupu ya kunakilia, tukaenda.

Chumbani mlikuwa na watu wawili wamesimama pande mbili za kitanda. Bi Sakina alikuwa kichwani kwa mumewe, na Daktari Lyimo miguuni, mkoba wake umewekwa sakafuni. Bwana Abbas alikuwa amelazwa ameinuliwa kwa mito, anapumua juu juu, kwa mabega. Nikampa shikamoo. Macho yake yakanijia, yakaenda kwenye kompyuta, yakanirudia.

Daktari alinieleza kwa sababu alidhani mie ni ndugu, na hakuna aliyemsahihisha. Kifua kilikuwa kinakaribia kushindwa. Kulikuwa na njia mbili. Moja ni kutoboa shingo, kuweka bomba, na kumfunga kwenye mashine ya kumpumulia, siku zote, mpaka siku isiyojulikana. Ya pili ni kutoweka kitu, na kumpa dawa za kumtuliza asisikie kubanwa. Uamuzi ulitakiwa upesi, na ulitakiwa kuwa wake.

"Ameshaamua," alisema Bi Sakina. "Nilimuuliza, unataka bomba tukupumulie? Akafumba macho. Kufumba ni ndiyo. Tulikubaliana hivyo tangu zamani."

"Mama, na mie nilimuuliza kama amechoka," alisema Mohsin. "Akafumba vile vile."

"Kwa sababu amechoka! Nani asiyechoka?"

Daktari aliinama, akamuuliza Bwana Abbas taratibu kama jina lake ni Juma. Kope zikashuka. Akatutazama. "Misuli ya macho nayo imelegea," akasema. "Yanafumba yenyewe. Siwezi kumtoboa mtu kwa jibu hilo, wala siwezi kumwacha kwa jibu hilo. Hii mashine yake itapona leo?"

Wote wakanigeukia. Nikasema nitajaribu.

Nilifungua sanduku, nikatoa diski, nikainakili yote kwenye ile tupu kabla ya kitu kingine chochote. Wakati inanakili nilisafisha meno ya kumbukumbu kwa kifutio, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi. Kisha nikawasha kutoka kwenye CD ya mfumo, nikaipa ile amri ya kukagua mafaili ambayo nyie mnaichapa bila kuangalia kibodi. Inapita faili baada ya faili, inalinganisha na la asili, lililobadilishwa inalirudisha. CD ilikuwa na mkwaruzo, kifaa kikawa kinakoroma. Yalirudi mengi. Skrini ya bluu ikaondoka, mfumo ukawaka, programu ya herufi ikafunguka. Mohsin akapiga kofi pajani.

Nikambonyezea Bwana Abbas kitufe kwa kidole chake. Herufi zikapita zote bila kusimama. Nikabonyeza tena. Zikapita.

Faili moja lilikuwa limegoma, na ni lile linaloshika tundu la nyuma, tulipochomeka kengele. Mkwaruzo ulipita juu yake. Nilijaribu kila CD iliyokuwa kwenye kopo, nikapata la toleo jipya zaidi ambalo mfumo ulilikataa. Mtandaoni yamejaa mafaili ya majina hayo kama nzi wa machinjioni, na nilishaona mengi yakija na wageni, yaani virusi. Kwa mashine ya mtu mwingine ningejaribu. Kwa ile hapana.

Nilikwenda jikoni kunywa maji, nikiwa nafikiri. Bi Sakina akanifuata, akarudishia mlango.

"Bado?"

"Limebaki faili moja, Bi Sakina. Kuna mashine tulizounga na Bwana Abbas za aina hii hii, kundi moja. Nadhani moja bado iko Vingunguti, kwenye bohari la ngozi."

Alikuwa ameshika kitambaa cha vyombo, anakikunja, anakikunjua. Mwanamke huyu alikuwa akimgeuza mumewe kitandani mwenyewe, hataki msaidizi, akimlisha uji kwa kijiko kidogo cha chai, akimfuta, akimsomea dua. Hakuwa amelala kitandani kwake kwa muda mrefu.

"Naki," akasema, "ukishindwa, hakuna atakayekulaumu."

Nikasuuza glasi.

"Vitu vya zamani. Vinafika mwisho wake. Mtu yeyote ataelewa." Akaweka kitambaa chini. "Asiposema, mie ni mkewe. Daktari itabidi anisikilize mie. Sikuombi ufanye kitu. Nasema tu, ukishindwa."

Nikasema, "Ngoja niende nikaangalie," nikatoka.

Bohari liko nyuma ya machinjio. Ngozi zilikuwa zimetandazwa na chumvi, na kwenye kona, ndani ya boksi la mbao lililowekwa plastiki mbele, ile kompyuta ilikuwa bado inaendesha mzani. Karani wa pale, Pascal, alisimama mbele yake kama mlinzi.

"Mama, hii ukiigusa ikafa, ngozi za leo zote zitapimwa kwa macho."

"Siifungui. Nanakili faili moja tu."

"La nini?"

"La Mzee Abbas."

"Yule wa kandambili?" Akasogea pembeni. "Bado yupo?"

"Yupo."

Nikanakili, nikakagua toleo, lilikuwa ndilo. Nikaifunga flashi kwenye pindo la kanga, nikatoka. Nje kulikuwa na mama anauza chai, nikakaa kwenye benchi lake ingawa sikuwa na kiu. Mfereji wa maji ya machinjio ulikuwa unapita karibu, mwekundu na mzito. Sitawaficha kilichonipitia. Nilifikiria jinsi ilivyo rahisi kufungua fundo moja la kanga juu ya mfereji ule. Nilimfikiria Bi Sakina na kijiko chake. Nikajiuliza mie ni nani katika nyumba ile: fundi, Mkristo wa Upareni, mtu wa kuletewa chai saa nne. Mume si wangu.

Kisha nikayafikiria yale macho, yanafumba, na kila aliyesimama pale akachukua jibu alilokuja nalo. Alikuwa anasikia kila neno. Alisikia tukimuuliza kama jina lake ni Juma.

Nikalipia chai, nikaondoka.

Bi Sakina ndiye aliyenifungulia mlango. Aliangalia uso wangu, akajua, akanipisha. Nililiweka faili mahali pake, nikawasha upya. Ile sauti ya mafua ikasema kwa kizungu chake kwamba iko tayari. Mohsin akamfunga baba yake kitufe kwa plasta, polepole, kama anamvisha pete. Daktari alikuwa amekwenda kliniki, akapigiwa simu, akarudi mchana.

Alivuta kiti karibu. "Mzee Abbas, nitakuuliza bila kukuelekeza. Kifua chako kinachoka. Tunaweza kukuwekea bomba shingoni na mashine, na utakaa nayo. Au tunaweza tusikuwekee, tukakupa dawa usisikie kubanwa, na mwili ufike unapofika. Unataka tufanye nini?"

Herufi zikaanza kupita. Hapakuwa na mtu aliyepumua kwa sauti isipokuwa yeye. Kidole kikabonyeza. S. Mistari ikarudi juu, ikaanza upya. I.

"Sijachoka," Bi Sakina akasema. "Anasema sijachoka."

T.

Bi Sakina akashika ukingo wa kitanda. Tuliisubiri ile A, tukaisubiri ile K, na ilipofika I ya mwisho Mohsin alikuwa ameshageukia ukuta. Sauti ikasoma vibaya kama kawaida yake, lakini neno lilikuwa pale kwenye skrini. SITAKI.

"Hutaki nini?" Bi Sakina akamwinamia. "Hutaki nini, Abbas? Hutaki kufa? Malizia."

BOMBA, akaandika.

Bi Sakina akanyooka. Hakumwangalia daktari, aliniangalia mie. "Mashine ndiyo kwanza imetoka kufa. Naki, mwambie inaweza kukosea."

Ningeweza kusema inaweza. Kompyuta hukosea, na nyie na mie tumekula kwa makosa yake. Nikasema, "Herufi haikosei, Bi Sakina. Kinachobonyezwa ndicho kinachotokea."

Akageukia skrini. Kidole kilikuwa bado kinafanya kazi. Ilichukua muda mrefu, kivuli cha dirisha kilihama kutoka kitandani mpaka sakafuni. SAKINA UMENIBEBA VYA KUTOSHA. Akapumzika. Kisha akaanza tena, tukadhani anaendelea na mkewe, kumbe sivyo. MOHSIN ALITAKA NIONE WATOTO.

Mtu mwingine angeandika amemsamehe. Yeye alieleza sababu ya hitilafu, kama alivyofanya maisha yake yote, na kwake kuieleza kulitosha. Mohsin alitoka nje uani. Tulimsikia.

Daktari aliuliza swali lake mara ya pili kwa njia nyingine, akapata jibu lile lile. Akaandika maelekezo ya dawa, akamshika Bwana Abbas bega, akaondoka.

Baada ya hapo watoto walimwona babu yao kwenye simu ya Mohsin, iliyoshikiliwa mbele ya uso wake kwa mkono, bila kuhitaji programu yoyote kwenye kompyuta. Aliwaandikia majina yao, mmoja mmoja. Sauti iliwachekesha. Nilikuwa nakuja kila siku kukagua kitufe. Bi Sakina alinifungulia mlango na kunijibu salamu, na chai ya saa nne iliacha kuja.

Alifariki alasiri, dawa zikiwa zimemtuliza. Nilikuwepo kwa sababu plasta ya kitufe ilikuwa imelegea na nilikuwa nimeenda kuifunga upya. Pumzi zilianza kuachana, moja hapa, nyingine kule, kisha hatukuisikia inayofuata. Bi Sakina akaweka kiganja kwenye macho yake akayafumba. Mohsin alikuwa anasoma dua. Nyuma yetu herufi ziliendelea kupita kwenye skrini, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, zinarudi juu, zinasubiri kubonyezwa. Hakuna aliyekumbuka kuizima. Mwishowe mie ndiye niliyechomoa waya.

Walimzika siku hiyo hiyo kabla jua halijazama. Wanawake tulibaki nyumbani. Nilijifunika kanga nikakaa mkekani kati ya shangazi na binamu zake, na waliponiuliza mie ni nani, nikasema nafanya kazi hapa. Karakana ilifungwa muda si mrefu baadaye, Mohsin akaniachia vifaa, nami nikaja kwenu Mabibo. Ya huko mnayajua wenyewe, mlikuwepo.

Lakini kabla sijaondoka Kiwalani kikazi, kulikuwa na arobaini. Wageni walipotawanyika Bi Sakina alituma mtu aniambie nisiondoke. Nikamkuta jikoni, amekaa mezani, birika mbele yake. Alionekana mdogo, kama mtu aliyeshushwa mzigo uliokuwa unamshikilia asianguke.

"Nilikuambia ukishindwa," akasema.

"Uliniambia."

"Hukushindwa."

"Hapana, Bi Sakina."

Alizungusha kikombe kitupu kwenye sahani yake. "Mie ningemweka. Hata kama angeniangalia kwa chuki mpaka mwisho, ningemweka. Sasa hivi ningekuwa naye humo ndani, anapumua."

"Najua."

"Usiniambie ulifanya vizuri."

"Sijasema hivyo."

"Wala usiniambie ndivyo alivyotaka. Niliisoma mwenyewe. Najua kusoma."

Nikavuta kiti, nikakaa. Akanimiminia chai. Alikuwa amenitengenezea chai karibu maisha yangu yote ya kazi na alijua naitia sukari nyingi. Bakuli la sukari lilikuwa upande wake wa meza, karibu na mkono wake, hakulisogeza. Sikuliomba. Niliinywa chungu vile vile, taratibu, naye akaniangalia mpaka nikatua kikombe. Kisha akanyanyua birika, akakijaza tena.